Amiba, diatomu au chavua: nani akusomee mboji ya kinamasi?

Ukiifungua kekee ya Kirusi, chombo cha kuvutia mboji kutoka chini, pembeni mwa kinamasi, mboji iliyomo hutoka na rangi ya hudhurungi nyekundunyekundu, na nyuzi za majani bado zinaonekana. Usikimbilie kuifunga kwa nailoni. Itazame kwanza. Ndani ya dakika chache hewa inaigusa na rangi inaanza kuelekea weusi, maana majani hayo hayakuwa yameonana na hewa kwa miaka elfu moja, mbili, au hata kumi. Mboji ya kinamasi ni mabaki ya mimea yaliyoshindwa kuoza yakaisha kwa sababu maji yaliizuia hewa isiyafikie. Na pale jani liliposalimika, viumbe wadogo walioishi juu yake nao waliacha magamba yao.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mwanafunzi amerudi kutoka Kigezi ya Uganda au Uluguru ya Tanzania na mita mbili za mboji ndani ya mabomba ya plastiki, na muda alionao mbele ya hadubini unamtosha kuhesabu aina moja ya viumbe, labda mbili. Ofisa wa mazingira anataka kujua kinamasi kilikuwa na maji kiasi gani kabla mifereji haijachimbwa, ili ajue aizibe hadi wapi. Mwingine anatafuta bahari ilifika wapi katika mikoko ya Rufiji. Wote watatu watatajiwa majina yale yale: amiba wenye gamba, diatomu, chavua, foraminifera. Kila jina lina watu wanaolitetea kwa moyo wote. Mimi sitamtetea yeyote. Nitawapitisha wote kwenye maswali yale yale, uamue mwenyewe.

Vigezo vitano

La kwanza ni hili: huyu anajibu swali gani hasa, la kimo cha maji, la kemia ya maji, au la mimea iliyokizunguka kinamasi? La pili: anaona umbali gani, hatua moja au kilomita kumi? La tatu: mabaki yake hudumu kwenye mboji ya namna gani? La nne: maabara inadai nini, kwa fedha, kwa hatari na kwa saa za kuinamia hadubini? La tano, ambalo kwetu ndilo gumu kuliko yote: je, kuna mtu aliyekwisha kuwapima ndugu zake wanaoishi leo katika vinamasi kama chako, ili akionekana kwenye mboji ya kale tujue anamaanisha nini?

Hilo la tano ndilo linalobeba kazi yote, kwa hiyo nilieleze. Unakwenda kinamasini, unachukua ukufi wa majani ya juu, unachimba shimo dogo pembeni yake, unasubiri maji yatulie, unateremsha futi na kuandika: maji yako sentimita 12 chini. Unarudia hivyo mahali pengi, palipofurika na palipokauka. Maabara unahesabu nani anaishi wapi. Kutokana na hesabu hizo unatengeneza mlinganyo, na ukiupa orodha ya viumbe wa tabaka la kale, unakurudishia kina cha maji cha wakati ule. Pasipo sampuli za juu hakuna mlinganyo, na unabaki na orodha ya majina ya Kilatini. Nimeona kazi nyingi zikiteleza hapa: watu wanatumia siku nne kuvuta mboji ya chini na dakika kumi kwenye majani ya juu.

Kabla ya kuchagua, kamua

Lennart von Post, Mswidi aliyeonyesha mwaka 1916 michoro ya kwanza ya hesabu za chavua kutoka kwenye mboji za kwao, ametuachia pia kipimo kisichohitaji chombo chochote. Chukua mboji mbichi, ifumbate, ikamue. Yakitoka maji maangavu na majani yakabaki mkononi, hiyo ni daraja la 1. Mboji ikipenya yote katikati ya vidole kama uji mzito, kiganja kikabaki kitupu, hiyo ni daraja la 10. Kadiri namba inavyopanda ndivyo mboji ilivyooza zaidi kabla ya kuzama majini, na ndivyo magamba dhaifu yalivyopata nafasi ya kupotea. Andika namba hiyo kwenye daftari kila sentimita 10. Itakusaidia baadaye kuliko unavyodhani.

Bonde la Kongo linaonyesha kwa nini. Vinamasi vya katikati ya bonde hilo, vilivyomo katika Kongo zote mbili, ndivyo eneo kubwa kuliko yote la mboji katika tropiki. Makadirio ya Dargie na wenzake ya mwaka 2017 yalikuwa kilomita za mraba 145,500. Yale ya 2022 yakapanda hadi 167,600. Mwaka huohuo wa 2022 Garcin na wenzake walionyesha kwamba mboji ya kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita imeoza mno: hali ya hewa ilikauka, maji yakashuka, na hata mboji iliyokwisha kujikusanya zamani ikaliwa. Kwa mtu wa hadubini habari hii ni nzito. Ukame ule ndio hasa angependa kuusoma, na ndio huohuo ulioteketeza mashahidi wake. Watafiti hao waliutambua kwa njia nyingine, ikiwemo kupima haidrojeni iliyohifadhiwa katika nta ya majani ya kale.

Kwa hiyo pima umri wa mboji kwa kaboni 14 mahali kadhaa kabla hujahesabu chochote. Ukikuta sentimita chache zimebeba maelfu ya miaka, ujue sehemu ya habari imekwisha kutoweka, na hakuna kiumbe utakayemchagua akairudisha.

Amiba wenye gamba

Huyu ni kiumbe wa seli moja anayejijengea nyumba. Wengine hujenga kwa punje za mchanga na vumbi wanazookota, wakazigandisha pamoja hadi likatokea umbo la mtungi. Hao ni kina Difflugia. Wengine hutoa vigae vya silika mwilini mwao na kuvipanga kama magamba ya samaki, ndio Euglypha. Wengine hutengeneza ganda jembamba la protini tu, jeupe la kupenyeza mwanga, kama Hyalosphenia. Wengi wao wana kati ya maikromita 20 na 200, yaani wale wakubwa kabisa watano wakijipanga ndipo wanafikisha milimita moja.

Swali analojibu ni la kimo cha maji, na hapo hana mpinzani. Anaishi kwenye utando mwembamba wa maji unaofunika majani, anakula bakteria na mwani, na kila aina ina unyevu inaoupenda. Katika vinamasi vya mvua vya Ulaya ya kaskazini, vinavyojengwa na mimea laini ya Sphagnum inayoshika maji kama sifongo, Archerella flavum ni dalili ya maji yaliyo karibu na uso. Ukimwona mara moja humsahau: umbo la yai, rangi ya asali, tundu kila ncha. Akipungua, huku Trigonopyxis arcula au Hyalosphenia subflava wakiongezeka, maji yameshuka. Katika vinamasi hivyo mlinganyo mzuri hukosea kwa sentimita kadhaa tu, kwa kawaida chini ya 10.

Matokeo yake yanaweza kushtua. Swindles na wenzake walikusanya rekodi za vinamasi 31 vya Uingereza, Ayalandi, Skandinavia na Ulaya bara, wakachapisha mwaka 2019. Asilimia 60 ya vinamasi hivyo vilikuwa vikavu zaidi kati ya 1800 na 2000 kuliko vilivyowahi kuwa katika miaka 600; asilimia 24 havijawahi kukauka hivyo kwa miaka 2,000. Mifereji, ukataji wa mboji kwa ajili ya kuni, moto na joto la dunia vyote vimo katika maelezo. Kinamasi ambacho mzee wa kijiji anaapa kwamba "kilikuwa hivihivi tangu zamani" kinaweza kuwa kilishabadilika kabla babu yake hajazaliwa.

Umbali anaoona ni hatua moja. Tuta la majani na kidimbwi kilicho mita moja kutoka hapo vina amiba tofauti kabisa. Hii ni nguvu na ni udhaifu: unapata jibu kali la mahali padogo, lakini ukitaka kusema habari za kinamasi kizima lazima utoe mboji mahali zaidi ya pamoja.

Kudumu kwake kunategemea nyumba aliyojenga. Kwenye mboji chachu (yenye asidi) ya Sphagnum hudumu kwa maelfu ya miaka. Vigae vya Euglypha ndivyo huachana mapema, hivyo kwenye tabaka za chini hupungua hata kama alikuwepo kwa wingi. Usiseme ametoweka kwa ukame kabla hujalifikiria hilo. Katika mboji ya tropiki iliyotokana na miti na mafunjo, magamba mara nyingi ni haba, na unaweza kukesha juu ya slaidi moja.

Maabara yake ni ya upole. Chemsha sentimita moja au mbili za ujazo kwa dakika 10 katika maji, pitisha kwenye chekeche ya maikromita 300 ili kuondoa majani, kisha kwenye ya 15 ili kubakiza magamba, weka tone kwenye slaidi pamoja na gliserini. Hakuna asidi. Kawaida ni kuhesabu magamba 150 kwa kila tabaka, ingawa Payne na Mitchell walionyesha mwaka 2009 kwamba idadi ndogo zaidi inaweza kutosha. Mwanzoni weka kidonge chenye idadi inayojulikana ya spora (chembe za uzazi) za mmea uitwao Lycopodium, upate kujua kila sentimita ya ujazo ina magamba mangapi.

Kwa kigezo cha tano, Ulaya na Amerika ya Kaskazini wamejaliwa. Katika tropiki, Swindles na wenzake walitengeneza mlinganyo wa kinamasi cha Amazoni ya Peru mwaka 2014, na huo ni ushahidi kwamba inawezekana. Lakini usichukue mlinganyo wa Uskoti ukaubandika kwenye mafunjo ya Kabale. Hata Rwenzori, ambako Sphagnum ipo, mvua, joto na majira si ya Uskoti.

Anamfaa anayetaka kina cha maji kwa sentimita, mwenye mboji isiyooza sana, na aliye tayari kurudi kinamasini na futi.

Diatomu

Diatomu ni mwani wa seli moja mwenye ganda la silika lililo kama kibweta na kifuniko chake. Ganda hilo limechorwa mistari na matundu kwa ustadi ambao, nakiri, bado hunisimamisha kazi nikabaki kutazama tu.

Zinajibu swali la kemia: maji yalikuwa machachu au la, yalikuwa na chumvi kiasi gani, yalibeba rutuba kiasi gani. Jamii ya Eunotia hupenda maji machachu. Hantzschia amphioxys huvumilia kukauka mara kwa mara, kwa hiyo inapozidi hukupa fununu ya ukavu. Aulacoseira huelea kwenye maji yaliyo wazi na yanayotibuka. Ukiikuta katikati ya mboji, pengine kinamasi chako kiliwahi kuwa ziwa au kilitembelewa na mafuriko. Kuhusu uchachu uwezo wao ulithibitika mbele ya dunia miaka ya 1980, pale diatomu za maziwa madogo ya Galloway, Uskoti, zilipoonyesha kwamba maji yaligeuka kuwa machachu tangu viwanda vilipoanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi.

Zinaona mahali padogo, lakini si padogo kama amiba, kwa sababu maji yanayopita huzisafirisha. Mafuriko ya mto mmoja yanaweza kuleta diatomu za kilomita nyingi juu.

Kudumu ndipo penye shida. Silika huyeyuka. Katika kinamasi kinachonyweshwa na mvua peke yake silika yenyewe ni chache tangu mwanzo, na unaweza kupita nusu mita nzima bila kuona ganda zima. Kinamasi cha bondeni kinacholishwa na kijito kutoka kwenye miamba huwa na bahati nzuri zaidi. Usibuni: toa sampuli tano za majaribio, juu, kati na chini, kabla ya kuahidi chochote kwenye pendekezo lako la utafiti.

Maabara inatumia haidrojeni peroksaidi ya moto kula mboji yote na kuacha silika. Si ya kuchezea, inaunguza ngozi, lakini maabara nyingi za kawaida zinaimudu. Slaidi hufungwa kwa gundi maalumu inayopinda mwanga kuliko kioo, maana kwenye maji au gliserini ganda la silika karibu halionekani. Kisha ni ukuzaji wa mara 1,000 kwa mafuta, magamba 300 hadi 400 kwa kila sampuli, na aina nyingi mno ambazo majina yake hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Pasipo mwalimu wa kukaa naye bega kwa bega mwaka wa kwanza ni mgumu.

Lakini kwa kigezo cha tano Afrika imesimama vizuri. Françoise Gasse na wenzake walichapisha mwaka 1995 milinganyo iliyotokana na diatomu za maziwa ya Afrika, inayokadiria uchachu na chumvi. Ni ya maziwa, wala si ya mboji, na hilo ulitaje wazi unapoitumia. Hata hivyo ni mwanzo wa nyumbani.

Zinamfaa anayeuliza habari za ubora wa maji, mbolea zilizoingia kutoka mashambani, au chumvi ya bahari.

Chavua, na wanaokuja nayo

Chavua si kiumbe kamili, ni vumbi la maua. Nimeiweka hapa kwa sababu ndiyo itakayotajwa kwanza popote utakapouliza.

Inajibu swali la mimea. Kuhusu maji inajibu kwa kuzunguka. Chavua ya jamii ya mafunjo ikiongezeka huenda kinamasi kililowa zaidi, au huenda watu walifyeka miti iliyokuwa ikikua kinamasini na mafunjo yakachukua nafasi. Slaidi haitakuambia ni lipi. Nyasi nazo ni fumbo: chavua ya mtama haitofautiki kwa urahisi na ya nyasi za porini. Mahindi ni makubwa, yanajulikana, na kwa kuwa yalitoka Amerika yanakupa pia alama ya wakati. Vivyo hivyo mikalitusi na misonobari ya kigeni: ikianza kuonekana, upo kwenye tabaka za karibu na leo.

Umbali wake ni mkubwa. Chavua ya mti wa podo ina mifuko ya hewa na husafiri na upepo hadi milimani, ilhali mti unaochavushwa na wadudu unaweza kusimama ukingoni mwa kinamasi na usiache hata punje kumi. Kwa hiyo unachosoma ni mandhari nzima, iliyopimwa kwa mizani inayopendelea wanaotumia upepo.

Katika kudumu, haina mfano. Ukuta wake ni miongoni mwa vitu vigumu kabisa vinavyotengenezwa na mimea. Ndiyo maana vinamasi vya kwetu vimejulikana duniani kupitia chavua. Mboji ya Kashiru, Burundi, iliwapa Bonnefille na wenzake habari za miaka 40,000, na mwaka 1990 walikadiria kwamba wakati wa kilele cha zama za barafu palikuwa na baridi zaidi ya leo kwa takriban nyuzi 4. Kinamasi cha Deva-Deva katika milima ya Uluguru kimetoa rekodi ya takriban miaka 48,000. Vinamasi vya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, vimekuwa uwanja wa mjadala mrefu kuhusu lini wakulima walianza kufyeka misitu ile. Ukichagua chavua unaingia kwenye mazungumzo yaliyokwisha kuanza, na ipo hazina ya takwimu za chavua za Afrika ya kujilinganisha nayo. Hilo si jambo dogo kwa mtafiti mchanga.

Maabara, kwa upande mwingine, ni ya hatari. Asidi ya haidrofloriki hupenya ngozi hadi mfupani na mara nyingine maumivu huchelewa kuja. Mchanganyiko wa asetiki anhidridi na asidi ya salfuriki hulipuka ukikutana na maji. Bila kabati lenye feni ya kuvuta hewa, glavu zinazofaa na mtu aliyefunzwa, usianze. Hesabu ni punje 300 hadi 500.

Faida yake nyingine ni wale wanaokuja nayo. Bas van Geel na wenzake, tangu miaka ya 1970, walianza kuhesabu kila kitu kilichobaki kwenye slaidi za chavua: spora za kuvu, mwani, mayai ya wadudu wadogo. Spora za Sporormiella ni za kuvu anayeota kwenye mavi ya wala majani. Zikipanda, wanyama waliongezeka karibu na maji, ingawa hazitakuambia kama ni ng'ombe au nyati. Utakutana hata na Archerella flavum mmojammoja. Wafurahie, lakini usiwageuze kuwa hesabu ya amiba, kwa maana hao ni masalia ya asidi. Wenzao wengi wamekwisha kuyeyuka.

Inamfaa anayeuliza habari za msitu, kilimo, mifugo na hali ya hewa ya nyakati ndefu.

Foraminifera, kwa wale wa pwani tu

Ukiwa bara, ruka sehemu hii. Hawa ni viumbe wa maji chumvi, wa seli moja, wenye gamba. Scott na Medioli walionyesha mwaka 1978, kwenye vinamasi vya maji chumvi vya pwani ya Kanada, kwamba kila aina hukaa kwenye kimo chake kati ya maji kupwa na maji kujaa, hivyo wanaweza kukuambia bahari ilisimama wapi. Maabara yake ni rahisi kupita zote: maji, chekeche ya maikromita 63, brashi nyembamba. Wenye gamba la chokaa huyeyuka kwenye mboji chachu. Wanaojenga kwa punje, kama Trochammina inflata, ndio hubaki.

Katika mikoko yetu tatizo ni kaa. Wanachimba, wanapandisha tope la chini na kushusha la juu, na tabaka zinachanganyika. Punwong, Marchant na Selby walipousoma usawa wa bahari wa kale huko Makoba na Unguja Ukuu, Zanzibar, na katika delta ya Rufiji, walitegemea chavua ya mikoko yenyewe. Mantiki ni ileile ambayo kila mvuvi anaijua: mlilana husimama upande wa bahari, mkandaa nyuma yake, na mchu hukubali hata ukingo wa nchi kavu wenye chumvi kali. Chavua ya mlilana ikipungua na ya mchu kupanda, huenda bahari imerudi nyuma. Kaa huichanganya chavua pia, kwa hiyo umri wa kaboni upimwe kwa wingi uwezavyo.

Dawa ya mmoja, sumu ya mwenzake

Jambo hili limeharibu mboji nyingi kuliko makosa ya kuhesabu. Asidi ya haidrofloriki inayoisafisha chavua huyeyusha diatomu zote. Peroksaidi inayozisafisha diatomu hula amiba wa protini na mwishowe hata chavua. Ule mchanganyiko wa asidi wa kusafishia chavua huharibu magamba mengi ya amiba. Nimeshuhudia mita nzima ya mboji ikiishia kwenye peroksaidi kwa sababu iliamuliwa diatomu ziwe za kwanza. Zikakutwa zimeyeyuka zamani, na hakikubaki kijiko cha kujaribu amiba. Safari ya kinamasini ilikuwa ya siku mbili kwa miguu.

Gawa kila tabaka mafungu kabla ya kuwasha jiko. Anza na la amiba, kwa kuwa ni maji tu na linakuonyesha kila kitu kingine kilivyohifadhiwa.

Ukiwa katika hali hii

Kama kazi yako ni kurudisha maji kwenye kinamasi kilichochimbwa mifereji, anza na amiba wa nusu mita ya juu, na upeleke futi yako mahali 40 au 50 leo ili uwe na mlinganyo wako. Mboji ikikamuliwa ikapenya vidole yote, shika chavua na spora za kuvu, ukubali kwamba utapata mwelekeo wa mabadiliko badala ya sentimita.

Kama kinamasi kimezungukwa na mashamba yanayotiwa mbolea, na watu wanalalamikia maji, diatomu ndizo zitakazokuambia mabadiliko yalianza lini, ilimradi kijito kimewahi kuleta silika ya kutosha. Zikikosekana kwenye sampuli tano za majaribio, acha mapema bila kusikitika.

Kama unatafuta historia ya kijiji, msitu na mifugo, chavua pamoja na Sporormiella kwenye slaidi moja hukupa mengi kwa gharama moja, lakini tafuta maabara yenye kabati la feni hata kama ni ya chuo cha jirani. Kama huna maabara hiyo na una hadubini ya shule, chekeche mbili na jiko la gesi, amiba kwa bara na foraminifera kwa pwani zitakufikisha mbali.

Kama ni mikoko, fikiria foraminifera na chavua pamoja tangu siku ya kwanza, na chagua mahali ambapo matundu ya kaa ni machache.

Na kama fedha inatosha kwa watu wawili, usiwape wote kiumbe mmoja. Mmoja ahesabu amiba, mwingine chavua, kwenye tabaka zilezile. Zikipingana, hapo ndipo pa kukaa muda mrefu: maji yamepanda ilhali msitu haukubadilika? Huenda mtu alizuia kijito.

Vyovyote utakavyoamua, ipasue nguzo ya mboji kwa urefu. Nusu moja ni ya kazi. Nusu ya pili ifunge kwa nailoni, iandike juu ni wapi na chini ni wapi, iweke kwenye friji ya nyuzi 4, na usiiguse.